Tumbo Lisilolingana na Kadi

Kamunyonge, Musoma
6 Juni 1983

Mdogo wangu Renatus,

Anayekukabidhi barua hii ni Bernado mwenyewe. Mpokee, mpe maji ya kunywa, lakini usimpe chakula mpaka umalize kusoma.

Jana baada ya misa alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ryoba. Hakuja kusalimia. Alikaa kwenye kiti cha marehemu mama, akamtazama Bernado kwa muda unaotosha kusali rozari nusu, kisha akaniuliza, "Mwuguzi, kadi yako ya mgawo wa duka ni ya watu wangapi?"

"Wawili, balozi."

"Wewe na huyu?"

"Mimi na mdogo wangu huyu."

"Wewe umekonda mpaka gauni la kazi unalibana kwa pini. Mimi nimekonda. Mke wangu amekonda. Hata paka wa duka la ushirika amekonda. Huyu analishwaga na nani?"

Bernado akacheka, akamwonyesha shati lake lililokatika vifungo viwili. Alidhani anasifiwa.

Unajua hali ya sasa. Tangu msako wa wahujumu uchumi uanze, mtu akikutwa na miche kumi ya sabuni anaulizwa maswali. Mimi nimekutwa na tumbo. Balozi amesema mkutano wa nyumba zetu kumi utakuwa Jumapili tarehe 28 Agosti, na siku hiyo atapeleka kwa katibu wa tawi la chama majina ya nyumba za kupekuliwa. "Tumbo hilo na kadi hiyo havilingani," alisema akiondoka. Nikipekuliwa, kliniki wataniita mlanguzi mpaka nistaafu, na kazi yenyewe naweza kuipoteza. Na nikifungwa, Bernado atakaa na nani?

Nakuapia kwa kaburi la mama, kwangu anakula kama mimi. Asubuhi uji, jioni ugali na dagaa. Mchana nikiwa kazini hapiki wala hali. Anazunguka tu mtaani kusalimia watu.

Nadhani ni ile hali aliyozaliwa nayo. Kwenye cheti chake waliandika Down, na chuoni tuliambiwa kwamba watu wenye hali hiyo wakishakuwa wakubwa hunenepa upesi. Kwa nini, hapo mwalimu hakufika. Kengele ililia.

Sasa wewe una mizani ya pamba na una hilo daftari lako la tarehe ambalo tumekucheka nalo miaka ishirini. Mpime. Andika kila anachokula. Nataka karatasi ya kumwonyesha balozi kwamba mwili huu unanenepa wenyewe, bila sukari ya magendo.

Dada yako,
Euphrasia

N.B. Anapenda kusimama juu ya vitu. Mizani itamfurahisha.


Kibara
19 Juni 1983

Dada Euphrasia, shikamoo.

Bernado alifika salama juu ya lori la magunia matupu. Dereva anasema walipopumzika Bunda alishuka, akapotea robo saa, akarudi na muhindi wa kuchoma ambao hakuna aliyemwona akiununua. Nimeliandika hilo kwenye safu ya "Mengineyo".

Msimu wa pamba haujafunguliwa, kwa hiyo mizani ya ghala iko huru. Nanakili kutoka daftari:

Jumamosi 11 Juni. Bernado kilo 81. Kwa mazoea ya kazi nikatoa kilo moja ya gunia. Baadaye nikakumbuka kwamba hakuwa ndani ya gunia, nikairudisha. Mimi kilo 54. Boke amekataa kupimwa, anasema yeye si pamba.

Jumatatu 13 Juni. Bernado: ugali wa muhogo ngumi mbili, samaki furu wawili, michembe ya viazi vikavu vipande vinane. Mimi: vilevile. Hakuomba nyongeza.

Jumamosi 18 Juni. Bernado kilo 81 na nusu. Mimi kilo 54.

Unaona, dada? Chakula kimoja, nyumba moja. Mimi nimesimama, yeye anapanda. Usiku nilifungua madaftari yangu ya baolojia ya kidato cha tatu. Mwili haulali hata mtu akilala. Moyo unapiga, mapafu yanafanya kazi, joto halipoi. Ni kama jiko la mkaa: hata ukiipua sufuria, mkaa unaendelea kuliwa. Huo moto wa mtu aliyepumzika ndio unaomaliza sehemu kubwa ya chakula chetu.

Basi jana alfajiri, kabla hatujaonja kitu, tulilala chali kwenye mikeka ghalani. Kwa saa yangu ya mkono nilihesabu pumzi zake, kisha zangu. Bernado: kumi na tatu kwa dakika. Mimi: kumi na nane.

Nadhani nimelipata jibu. Jiko la Bernado lina moto mdogo. Mkaa anaotiwa hauishi, unarundikana, na rundo lenyewe ndilo balozi analoliona.

Nitaendelea kupima, na kuanzia kesho nampunguzia ugali uwe ngumi moja na nusu, ili ushahidi uwe safi.

Mdogo wako,
Renatus


Kibara
26 Juni 1983

Wifi Euphrasia, shikamoo.

Barua hii nampa dereva mkononi. Renatus asijue.

Wifi, mimi siwezi. Mume wangu amemwekea mdogo wake ngumi moja na nusu ya ugali na anaikagua kwa rula. Kweli, kwa rula ya ofisi. Bernado anamaliza, anasema asante kaka, anashika sahani anailetaga jikoni kwangu kuiosha. Analeta na yangu, analeta na sufuria. Sasa mtu anakuoshea vyombo, wewe umekaa na kichwa cha sato chunguni, utafanyaje? Nilimwambia karibu. Nilisema kwa mdomo tu, kama mtu anavyosema. Yeye akanawa mikono, akakaa.

Tangu siku hiyo anakula mara mbili, mezani kwa mume wangu wa daftari na jikoni kwangu. Mezani kunapimwa. Jikoni hakuna aliyeniuliza.

Nimwambie Renatus au ninyamaze? Jana alikuwa na furaha sana, akasema huu moto mdogo unaweza ukaingia kwenye vitabu.

Wifi yako,
Boke


Kamunyonge, Musoma
4 Julai 1983

Wifi Boke,

Nyamaza.

Najua ninachokuambia si cha mtu anayekwenda kanisani. Lakini hiyo hadithi ya moto mdogo ndiyo inayoweza kuniokoa, na ukiiharibu sina nyingine. Mwache Renatus apime kilicho mezani. Wewe mpe Bernado samaki, ila asimalize kichwa chote.

Na kwa kuwa tumeanza kuambiana: katika sanduku la marehemu mama, chini ya vitenge, nina kilo tatu za sukari. Nilizikusanya nusu kilo kwa nusu kilo tangu mwaka jana, za chai ya misa ya kumbukumbu yake mwezi wa kumi. Watu watakaokuja siwezi kuwapa maji ya moto. Sasa balozi akipekua, atanikuta na sukari ya watu sita, na akiuliza ni ya nani nimjibu ni ya marehemu?

Bernado anaijua ilipo. Hajawahi kuigusa. Ninachoogopa si mkono wake, ni mdomo: huyo mtu hajui kusema uongo, mama alisahau kumfundisha.

Ichome barua hii.

Euphrasia


Kibara
17 Julai 1983

Dada, shikamoo.

Ushahidi umekomaa. Jumamosi 16 Julai: Bernado kilo 83, mimi kilo 53. Na mimi sikumpunguzia kwa maneno tu. Ugali wake sasa ni ngumi moja. Mtu anayekula ngumi moja na kuongezeka kilo mbili, moto wake si mdogo tu, umefunikwa majivu.

Hata pumzi ni zilezile, kumi na tatu. Nimezihesabu alfajiri tisa. Bernado anajua kulala kimya kuliko mimi, isipokuwa tarehe 9 alipocheka kwa sababu tumbo langu lilinguruma.

Ila karani hatoi hesabu bila sahihi ya mkaguzi. Nimesikia kwamba katika hospitali moja ya misheni upande wa Butiama yupo Daktari Alfonce, mwenye mashine ya zamani ya kupima moto wa mwili. Zamani waliitumia kwa wagonjwa wa tezi la shingo. Mtu anapumua ndani ya chombo na mashine inaonyesha amemaliza hewa kiasi gani. Nimemwandikia na amejibu: tuje katikati ya Agosti, mizani yangu itakapopelekwa Bunda kukaguliwa nami nitapata siku nne.

Utapata cheti chenye muhuri.

Renatus


Kamunyonge, Musoma
25 Julai 1983

Renatus,

Muhuri uwe mkubwa. Balozi hasomi sana lakini anaheshimu wino.

Jana alinisimamisha kisimani: "Mwuguzi, umelificha wapi tumbo?" Nikamwambia limekwenda kwenye matibabu. Akasema litarudi.

Hapa majirani wananiuliza Bernado yuko wapi kila siku, utadhani nimempoteza mtoto wao. Mama Kija, mke wa balozi mwenyewe, amenijia mara tatu. Sijui anapeleleza kwa niaba ya mumewe? Nimemjibu kifupi.

Euphrasia


Butiama
19 Agosti 1983

Dada, shikamoo.

Anayekuletea barua hii ni Bernado, pamoja na cheti. Muhuri ni mkubwa. Keti kwanza.

Masharti ya mashine ni kwamba anayepimwa awe hajala tangu jioni ya jana, awe amelala kimya nusu saa, na awe macho. Jumanne tulilala kwa mzee mmoja rafiki wa ghala letu. Jioni walipoleta ugali nikajibu kwa niaba yetu wawili kwamba tumeshiba. Tulikuwa tumekula michembe minne tangu Kibara, lakini ndivyo mtu anavyojibu. Bernado alinitazama kama mtu aliyemsikia padri akitukana.

Asubuhi tukafika hospitali. Nilikwenda kuandikisha jina, dakika tano kwa saa yangu. Niliporudi Bernado alikuwa amekaa na mlinzi wa geti wakila viazi. "Mlinzi kasema karibu," akaniambia. Daktari akatuambia turudi kesho.

Alhamisi nilimshika mkono mpaka mlangoni. Mashine ni pipa dogo la bati lililofunikwa juu ya maji. Unabanwa pua kwa kibanio, unapumua mdomoni kwa mpira, pipa linapanda na kushuka na kalamu inachora mstari kwenye karatasi. Bernado alilala kama mwenye pipa. Ilibidi daktari amguse mguu asisinzie. Kisha nikaomba nami nipimwe kwa kulinganisha. Nilipobanwa pua nikajiona nazama, nikautema mpira, nikaangusha kalamu. Bernado akanishika mkono akasema, "Kaka, pumua tu." Mara ya pili ikawezekana.

Daktari akapiga hesabu mbele yangu, nami nilizirudia kwenye daftari ili nimkosoe. Sikuweza. Dada, moto wa Bernado si mdogo. Ukizingatia ukubwa wa mwili wake, akiwa amepumzika anatumia sawasawa na mtu mwingine yeyote. Kwa jumla, kwa kuwa ni mzito, anachoma kuliko mimi.

Nikamwonyesha pumzi zangu, kumi na tatu kwa kumi na nane, za alfajiri kumi na moja tofauti. Akazisoma zote kwa heshima. Halafu akauliza, "Wewe kazi yako ni nini?"

"Karani wa mizani, daktari."

"Mkulima akikuletea magunia kumi na tatu na mwingine kumi na nane, utaandika nani ana pamba nyingi kabla hujayaweka kwenye mizani?"

Bernado anavuta pumzi chache, lakini kubwa. Mimi nilihesabu magunia.

"Hata mimi niliamini miili yao inachoma polepole," akasema daktari. "Nimempima mmoja tu, siwezi kuwasemea wote. Ila huyu moto wake uko sawa, na tezi lake halina kasoro. Karani, huyu mtu anakula. Kamtafute anakokula."

Nilimwapia kwamba kwangu anakula ngumi moja. Akasema, "Kwako."

Nanakili maneno ya cheti: "Mwili wake ukiwa umepumzika unatumia chakula kwa kiwango cha kawaida. Unene wake unatokana na kula zaidi ya anachotumia. Apunguze chakula, aongeze mwendo."

Nalazimika kurudi Kibara, la sivyo mizani itatangulia kufika. Mkutano ni tarehe 28. Dada, nisamehe. Sikujua kupima kungetuletea jibu tusilolitaka.

Renatus


Kamunyonge, Musoma
29 Agosti 1983

Mdogo wangu Renatus,

Nilikuomba mwavuli, ukanitumia mvua yenye muhuri.

Siku tisa nilikaa na cheti hicho nikifikiria kukichoma. Lakini balozi alikuwa ameshamwona Bernado akishuka kwenye lori, akaniambia, "Jumapili, Mwuguzi, na karatasi yako." Sukari nayo nilitaka kuihamisha. Kila nilipoinua kifuniko cha sanduku Bernado alikuja akasimama, akasema, "Ya mama." Ikabaki.

Tulikutana uani kwa balozi, nyumba zote kumi. Mzee Ryoba alivaa miwani, akasoma cheti kwa sauti, akakirudia.

"Kwa hiyo anakula," akasema.

"Anakula," nikajibu.

"Zaidi ya kadi."

"Ndivyo wanavyosema."

"Anakulia wapi, Mwuguzi?"

Nilikuwa naona sanduku tu. Hapo Bernado akanyanyuka, kwa sababu swali lilikuwa linamhusu yeye na hakuna aliyemuuliza.

"Mimi nasema," akasema. "Asubuhi kwa dada. Uji. Dada ana sukari kwenye sanduku, kilo tatu. Ya misa ya mama. Siigusi."

Renatus, nilisikia kalamu ya balozi ikianza kuandika. Nikashika benchi kwa mikono miwili. Lakini Bernado hakuwa amemaliza. Anahesabu kwa vidole kama unavyohesabu wewe, na akianza hasimami.

"Halafu kwa Mwalimu Werema. Kiporo. Halafu kwa Mama Wanzagi, wanakulaga mayai wamefunga mlango. Nikigonga wanafungua, wanasema karibu."

"Mayai?" akasema mtu nyuma. "Si ulisema kuku wamekufa wote?"

"Wamebaki wawili wagonjwa," akasema Mama Wanzagi.

"Saa sita kwa fundi baiskeli, muhogo na samaki. Kwa bibi wa kona, ndizi. Kwa mwenye cherehani, wali."

"Wali!" ikasema nyumba nzima.

Aliwamaliza, Renatus. Nyumba moja baada ya nyingine, na saa zake. Kila mtu aliyekuwa anasubiri jina langu lipelekwe kwa katibu alianza kutazama viatu vyake. Vidole vikafika tisa. Akakishika cha kumi.

"Saa kumi, kwa balozi. Uji wa ulezi. Sukari vijiko vitatu. Mama Kija anasema kula upesi, mzee akirudi asikukute."

Kalamu ikasimama.

"Mama Kija," balozi akasema polepole, "ni kweli?"

"Baba Kija, nilimwambia karibu kwa adabu tu! Anapita, ninakoroga uji, nimpite kama mbwa? Nikasema karibu. Kumbe huyu ukimwambia karibu ananawa mikono."

Hapo uani pakawaka. Kila mtu akawa anasema lilelile. Nami nililiangalia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Sisi sote ukitukuta tunakula tunakwambia karibu, nawe unajibu asante, endeleeni, nimetoka kula. Hivyo umeheshimiwa, nasi tumeheshimiwa, na chungu kimesalimika. Mama alimfundisha Bernado nusu moja tu: ukikaribishwa, kukataa ni vibaya. Nusu ya pili hakumfundisha. Wewe unayo hiyo nusu ya pili peke yake. Tangu utoke sekondari sijawahi kusikia umekubali.

"Nyamazeni!" balozi akapiga meza. "Mama Kija, sukari hiyo ya vijiko vitatu ilitoka wapi?"

"Ni ile uliyoniambia nisiulize ilikotoka."

Balozi akashika tena cheti, akajifanya anasoma muhuri.

Aliyemwokoa ni Mwalimu Werema. Alisema, "Balozi, mwaka huu nimewaambia watu karibu mara elfu na sahani yangu ni ndogo kama mnavyoijua. Nilikuwa naomba wakatae. Huyu ndiye peke yake aliyeniamini. Miezi hii miwili alipokuwa Kibara, mke wangu alikuwa anaacha kiporo, kinaharibika."

Ndipo nikaelewa kwa nini walikuwa wananiuliza habari zake. Mama Kija hakuwa anapeleleza. Alikuwa na uji.

Balozi alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Kisha akaichana ile karatasi aliyoanza kuandika, akaagiza iandikwe nyingine, nami nilishuhudia: "Nyumba zote kumi zimepekuliwa leo na Bernado. Hakuna la kuripoti." Akaongeza amri kwa mujibu wa daktari: Bernado akipita tutamkaribisha kama kawaida, lakini kila nyumba ni tonge moja. Na mwendo ataupata hapohapo, kutoka nyumba hadi nyumba.

"Na sukari yako, Mwuguzi," akanong'ona tukitoka, "misa ni lini?"

"Tarehe 15 Oktoba."

"Nitakuja," akasema. "Nitakuja na kikombe changu."

Dada yako,
Euphrasia


Kibara
7 Septemba 1983

Dada, shikamoo.

Nilimsomea Boke barua yako kwa sauti. Nilipofika kwa mke wa balozi na uji, aliinuka akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nikamuuliza. Akaniambia habari ya vichwa vya sato, na kwamba wewe ulijua tangu mwezi wa saba. Nimewaandika nyote wawili kwenye "Mengineyo".

Nilikuwa nimekasirika vya kutosha kuandika ukurasa mzima. Nikafungua daftari ili nipate tarehe. Nikaona kitu ambacho hakipo.

Kila Jumamosi baada ya kumpima tulikuwa tunakaa kwenye ngazi ya ghala. Mimi huwa na samaki wangu wa kuchoma kwenye karatasi. Kwa sababu alisimama kimya kwenye mizani, nilimkatia nusu. Jumamosi kumi, samaki kumi. Nimetafuta kote na sikuandika hata mmoja. Kulikuwa na safu ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Ya ngazi ya ghala haikuwepo.

Kwa hiyo dada, hata mimi.

Msimu umefunguliwa, nashinda mizani. Mimi sasa ni kilo 51. Boke ananiambia nile, wakulima wananiambia karibu, nami nawaambia nimeshiba. Hakuna anayebisha. Ngazi ya ghala ina nafasi kubwa siku hizi.

Renatus


Kamunyonge, Musoma
14 Septemba 1983

Kaka Renatus,

Mimi Bernado. Dada anaandika. Nimemwambia aandike nilivyosema, asiongeze.

(Siongezi. E.)

Mimi mzima. Nazunguka nyumba zote. Tonge moja moja. Kwa balozi tonge mbili, balozi mwenyewe ananiambia nisimwambie dada.

(Nimesikia. E.)

Jumapili tulikwenda kliniki kwa dada, nikasimama kwenye mizani yake. Kilo 80. Mizani yake ndogo, yako nzuri. Dada anasema nimepungua. Balozi amesema nimepungua. Ametazama tumbo, akasema sasa linakaribia kadi.

Naoshaga vyombo kila nyumba. Mama Wanzagi kuku wake wamepona.

Dada amenisomea barua yako. Kilo 51 ni kidogo. Kaka, wewe ndiye mwenye moto mdogo.

Njoo kwenye misa ya mama. Kutakuwa na chai, sukari ipo kwenye sanduku. Njoo na Boke. Mwalimu amesema karibu. Mama Kija amesema karibu. Mimi nasema karibu.

Ukifika nawa mikono. Usiseme umeshiba.

Bernado